John Williamson na Vumbi la Almasi

1. Kisuguaji na kinachosuguliwa

Ukipita kwenye karakana za maseremala mjini Mbeya, utamwona fundi akimaliza kutengeneza kiti au kabati. Kwanza hupiga ubao randa mpaka unyooke. Kisha huchukua kipande cha msasa na kuusugua ubao, akifuata mwelekeo wa nyuzi zake. Huanza na msasa wenye chembe kubwa. Halafu huuweka kando na kuchukua msasa wenye chembe ndogo zaidi. Mwishowe ubao huwa laini, hata mkono ukipita juu yake hauhisi mkwaruzo.

Je, wajua kwa nini karatasi hiyo huitwa msasa? Msasa ni jina la mti. Majani ya mti huo hukwaruza, na tangu zamani mafundi waliyatumia kulainishia mipini na vyombo vya mti. Karatasi yenye chembe ilipoletwa, watu waliipa jina la jani lililokuwa likifanya kazi hiyo hiyo.

Sasa fikiri juu ya kisu kilichopo nyumbani kwenu. Kisu hakinolewi kwa jani la msasa. Hunolewa kwa kinoo. Jani laweza kulainisha ubao, lakini haliwezi kulainisha chuma, kwa sababu chuma ni kigumu kuliko jani. Hapa twapata kanuni ya kwanza ya somo letu: kisuguaji hakina budi kiwe kigumu kuliko kitu kinachosuguliwa, au angalau kilingane nacho kwa ugumu.

Mwaka 1812 mtaalamu mmoja wa madini, Friedrich Mohs wa Ujerumani, aliyapanga madini kumi kwa kufuata ugumu wao. Dini lenye namba kubwa hulikwaruza lenye namba ndogo. Namba 1 ni talki, jiwe laini ambalo unga wake hupakwa watoto. Kalisaiti, inayounda marumaru, ina namba 3. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mito yetu, ina namba 7. Yakuti ina namba 9. Namba 10 ni almasi. Katika orodha hiyo hakuna dini linaloweza kuikwaruza almasi.

Basi hapa pana fumbo. Almasi inapotoka ardhini mara nyingi haing'ai. Huonekana kama kipande cha kioo kilichofifia. Ili ing'ae, ni lazima ichongwe na kusuguliwa. Lakini tutaisugua kwa kitu gani, ikiwa hakuna kilicho kigumu kuliko yenyewe?

Ili tupate jibu, tujifunze maisha ya Dakta John Thorburn Williamson, mtu aliyegundua mgodi mkubwa wa almasi katika nchi yetu.

2. Kijana kutoka Kanada

John Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari, 1907, huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Baada ya masomo ya sekondari aliingia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal. Mwanzoni alikusudia kusomea sheria. Lakini wakati wa safari moja ya masomo huko Labrador, kaskazini mashariki mwa Kanada, aliona jinsi wataalamu wanavyosoma historia ya dunia katika miamba. Tangu hapo aliacha nia yake ya sheria, akashika jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi. Alisoma kwa bidii mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933.

Baada ya masomo yake alikuja kusini mwa Afrika. Alifanya kazi katika kampuni ya madini huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Mnamo mwaka 1935 aliingia Tanganyika, kuwa mtaalamu wa mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, ulio kusini mwa Mwanza. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza.

Kumbuka pia kwamba katika miaka hiyo watafutaji wengi wa madini walikuwa wakikimbilia upande wa Mbeya. Huko Lupa, katika wilaya ya Chunya, kulikuwa na dhahabu. Wengi waliona kwamba dhahabu ndiyo njia ya haraka ya kupata mali. Williamson hakufuata njia hiyo. Alibaki upande wa ziwa, akitafuta jiwe ambalo ni adimu zaidi kuliko dhahabu.

3. Kutafuta chanzo cha almasi

Mgodi wa Mabuki haukuleta faida. Almasi zake zilikuwa chache, hazikutosha kulipia gharama za kuzichimba. Wenye kampuni walikata tamaa. Williamson hakukata tamaa. Aliuchukua mgodi huo mwenyewe, akautumia kama kituo cha kuanzia safari zake za utafutaji.

Alikuwa na sababu gani ya kuendelea? Sababu yake ilikuwa ya kisayansi. Almasi hutengenezwa chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 100 kwenda chini, mahali penye joto kali na mgandamizo mkubwa. Zamani sana, miamba ya moto ilipanda juu kwa nguvu na kuzileta almasi karibu na uso wa dunia. Mwamba ulioganda mahali hapo huitwa kimbalaiti. Kwa kawaida huwa na umbo kama la faneli: ni mpana juu, na huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyokwenda chini.

Mvua na mito huumomonyoa mwamba huo polepole. Almasi na madini mengine mazito, kama vile garineti nyekundu, huchukuliwa na maji na kutawanywa mbali. Kwa hiyo mtu akiokota almasi moja kwenye changarawe za mtoni, anajua kwamba mahali fulani pana chanzo chake. Williamson aliamini kwamba almasi zilizookotwa hapa na pale katika nchi ya Wasukuma zilikuwa na chanzo kikubwa ambacho bado hakijaonekana.

Basi alizunguka huku na huko kwa miaka kadhaa. Yeye na wafanyakazi wake walichimba mashimo, wakachota changarawe, wakaziosha kwa maji na kuzichekecha. Walitazama madini mazito yaliyobaki. Mahali yalipoonekana kwa wingi, walisogea na kuchimba tena. Kazi hiyo ilihitaji subira. Mara nyingi walitoka mikono mitupu. Malaria ilimsumbua, na fedha zilimwishia. Alisaidiwa na I. C. Chopra, wakili wa mjini Mwanza, ambaye baadaye alikuwa mbia wake.

Wewe mwanafunzi, usidhani kwamba Williamson alifanya kazi hiyo peke yake. Waafrika waliochimba mashimo na kuosha changarawe chini ya jua kali ndio walioibeba sehemu kubwa ya kazi. Majina yao hayatajwi mara nyingi, lakini bila ya mikono na macho yao chanzo hicho kisingepatikana.

4. Mwadui

Tarehe 6 Machi, 1940, chanzo kilichotafutwa kilipatikana mahali paitwapo Mwadui, karibu na Shinyanga. Watu wamesimulia hadithi nyingi za ajabu kuhusu siku hiyo. Sisi tushike lililo la hakika: ugunduzi ulikuja baada ya miaka ya kuchunguza udongo hatua kwa hatua.

Mwamba wa kimbalaiti wa Mwadui ni mkubwa sana. Eneo lake juu ya ardhi ni takribani hekta 146, yaani kama viwanja 200 vya mpira vilivyopangwa pamoja. Ni miongoni mwa miamba mikubwa ya namna hiyo iliyopata kuchimbwa duniani.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza. Mashine zilikuwa adimu, na meli hazikusafiri kwa usalama. Williamson alianza kazi kwa vifaa vichache alivyoweza kupata. Hata hivyo vita hivyo hivyo viliongeza haja ya almasi. Viwanda vilivyotengeneza injini za ndege na magari vilihitaji vyuma vilivyonyooka barabara na kulainishwa kwa kipimo kamili. Kwa kuchonga na kunoa vifaa vigumu vya kazi hiyo, almasi ilihitajiwa.

Hapa yafaa ujue jambo ambalo watu wengi hawalijui. Almasi nyingi zitokazo ardhini hazifai kuwa vito. Baadhi ni ndogo mno. Nyingine zina rangi ya kijivu au kahawia, au zina nyufa na madoa ndani. Hizo huitwa almasi za viwandani. Haziwekwi katika pete. Husagwa zikawa unga, na unga huo hufanya kazi ambayo hakuna unga mwingine unaoweza kuifanya vizuri kama huo. Unga huo ndio ufunguo wa fumbo letu.

5. Jiwe la waridi

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi moja yenye rangi ya waridi. Almasi za rangi hiyo ni adimu sana. Uzito wake ulikuwa karati 54.5. Karati ni kipimo cha uzito wa vito, na karati 5 ni sawa na gramu 1. Kwa hiyo jiwe hilo lilikuwa na uzito wa gramu 10.9 tu.

Williamson alilitoa jiwe hilo kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Malkia. Lilipelekwa London likiwa bado halijachongwa. Mafundi wa huko walilichonga na kuling'arisha mwaka 1948. Kazi ilipokwisha, uzito wake ulikuwa karati 23.6.

Hebu fanya hesabu. Ukitoa 23.6 kutoka katika 54.5, unapata 30.9. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondolewa ili sehemu iliyobaki ing'ae. Hiyo ndiyo gharama ya kuchonga. Fundi akikosea kidogo, jiwe hupoteza uzito zaidi au hupasuka, na hakuna njia ya kulirudisha. Kwa sababu hiyo ufundi wa kung'arisha una thamani kubwa, wakati mwingine hata kukaribia thamani ya jiwe lenyewe.

Angalia pia jambo la pili. Jiwe lilitoka katika ardhi yetu, lakini ufundi wa kuling'arisha ulikuwa London. Katika miaka hiyo almasi za Mwadui ziliuzwa nje zikiwa ghafi. Tutarudi katika jambo hili baadaye.

6. Almasi husuguliwaje?

Sasa tulifumbue fumbo. Almasi husuguliwa kwa vumbi la almasi.

Fundi huwa na gurudumu bapa la chuma cha kusubu, mfano wa sahani kubwa. Juu ya gurudumu hupaka unga wa almasi uliochanganywa na mafuta ya zeituni. Chuma cha kusubu kina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Chembe za almasi hukaa ndani ya vitundu hivyo na kushikwa humo. Kisha gurudumu huzungushwa kwa kasi, zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Fundi hulishika jiwe kwa kishikio maalumu na kuligusisha polepole juu ya gurudumu. Kila baada ya muda mfupi hulinyanyua na kulitazama kwa lenzi.

Lakini labda utauliza: ikiwa unga na jiwe ni kitu kimoja chenye ugumu mmoja, kwa nini unga hulimega jiwe? Mkumbuke seremala wa Mbeya. Yeye ajua kwamba ubao ni rahisi kupiga randa kwa kufuata nyuzi, na ni vigumu kwa kuzikata nyuzi. Almasi nayo iko hivyo. Chembechembe zinazoiunda zimepangwa kwa safu. Upande mmoja wa jiwe ni mgumu zaidi, na upande mwingine umepungua ugumu kidogo. Katika unga mna chembe nyingi sana zilizolala kila upande. Kwa hiyo daima zipo chembe ambazo sehemu yake iliyo ngumu zaidi hugusa upande wa jiwe uliopungua ugumu. Chembe hizo ndizo zinazomega. Kazi ya fundi ni kuutafuta upande huo na kuligeuza jiwe ipasavyo.

Ukubwa wa chembe ni jambo la maana sana. Chembe kubwa humega upesi, lakini huacha mifereji mirefu. Chembe ndogo humega polepole, na mifereji yake ni midogo hata jicho haliioni. Uso ukikosa mifereji, nuru hurudi bila ya kutawanyika, nasi twasema kwamba jiwe linang'aa. Umekwisha kuona jambo hili jikoni. Ukisugua sufuria kwa mchanga mkubwa, masizi hutoka upesi lakini mikwaruzo hubaki. Ukimalizia kwa majivu laini, sufuria hung'aa.

Chembe za kumalizia almasi hupimwa kwa maikromita. Ukiigawa milimita moja katika sehemu 1,000 zilizo sawa, kila sehemu ni maikromita moja. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Unga wa kumalizia huwa na chembe za maikromita chache tu, au hata chini ya moja.

Tena haitoshi chembe ziwe ndogo. Ni lazima zilingane. Chembe moja kubwa ikijificha katika unga laini, itakwaruza uso uliosuguliwa kwa saa nyingi, na fundi hana budi kurudi nyuma na kuanza upya. Ndiyo maana kutenganisha chembe kwa ukubwa ni kazi inayofanywa kwa uangalifu mkubwa.

7. Jaribio: Kutenganisha chembe kwa maji

Chembe kubwa hutenganishwa kwa chekeche. Chembe ndogo sana haziwezi kuchekechwa, kwa hiyo hutenganishwa kwa kuziacha zizame katika maji au mafuta. Wewe nawe waweza kulijaribu jambo hili.

Vifaa: chupa ya kioo yenye kifuniko, maji safi, na udongo wa shambani uliochanganywa na mchanga.

(a) Tia udongo katika chupa mpaka ufike robo yake. Ongeza maji mpaka karibu ijae. Funga kifuniko.

(b) Tikisa chupa kwa nguvu kwa muda wa dakika mbili. Kisha iweke mezani, wala usiiguse tena.

(c) Itazame baada ya dakika moja. Itazame tena baada ya nusu saa, na kesho yake asubuhi. Kila mara chora picha ya unachokiona.

Utaona kwamba changarawe na mchanga huzama mara moja. Chembe ndogo zaidi hufuata. Chembe za udongo wa mfinyanzi huchelewa kuliko zote, na maji yaweza kubaki na ukungu mpaka siku ya pili. Kadiri chembe ilivyo ndogo, ndivyo inavyozama polepole. Watengenezaji wa unga wa almasi hutumia kanuni hii. Huyamimina maji kwa nyakati mbalimbali, na kila mara hupata chembe za ukubwa tofauti.

Angalizo: usivute hewani vumbi la mawe au mchanga mkavu. Vumbi hilo hudhuru mapafu. Fanya kazi na udongo uliolowa.

8. Chembe zinazotengenezwa na watu

Kwa kuwa almasi ni ghali, wataalamu walitafuta chembe ngumu ambazo zaweza kutengenezwa kiwandani. Mwaka 1891, Edward Acheson wa Marekani alipitisha umeme mkali katika mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na makaa. Alikuwa akijaribu kutengeneza almasi. Hakupata almasi, lakini alipata vipande vidogo vya kung'aa vilivyo vigumu sana. Kitu hicho kiliitwa kaborandamu. Ugumu wake uko kati ya yakuti na almasi. Baadaye kilitengenezwa kwa wingi kwa kutumia mchanga na makaa. Mawe mengi ya kunolea na karatasi nyingi nyeusi za msasa zinazotumiwa na mafundi wa magari zina chembe za namna hiyo.

Mwezi Desemba, 1954, wataalamu wa kampuni moja kubwa ya umeme nchini Marekani walifaulu kutengeneza almasi yenyewe. Waliuweka kaboni katika mashine yenye mgandamizo na joto kubwa, mfano wa hali iliyoko chini sana ardhini. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1955, Williamson akiwa bado hai. Siku hizi sehemu kubwa sana ya almasi za viwandani hutoka katika mashine, si katika migodi. Faida yake ni kwamba mtengenezaji aweza kuchagua ukubwa na umbo la chembe tangu mwanzo.

Chembe hizo hutumika wapi? Hutumika kuchongea lenzi za miwani na za hadubini. Hukata na kulainisha mawe ya sakafu. Huwekwa katika meno ya mashine zinazochimba visima virefu. Hutumika pia katika kutengeneza sehemu ndogo sana za redio, simu na kompyuta.

9. Miaka ya mwisho ya Williamson

Mgodi wa Mwadui ulikua mpaka ukawa kama mji mdogo. Palijengwa nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Williamson alipata mali nyingi, lakini aliendelea kuishi mgodini. Hakuoa. Alipenda kujishughulisha mwenyewe na mambo ya kazi, kuanzia uchimbaji mpaka mitambo.

Alipatwa na saratani, na tarehe 8 Januari, 1958, alifariki huko Mwadui. Alikuwa na umri wa miaka 50. Katika mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi, ukawa mali ya Serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers kwa ubia. Mgodi huo uliendelea kuitwa kwa jina lake.

10. Kiwanda cha Iringa

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Swali tuliloliacha nyuma likawa swali la taifa. Je, nchi yenye almasi iendelee kuziuza zikiwa ghafi, na wengine wapate faida ya kuzichonga?

Katika miaka ya 1960 kilianzishwa mjini Iringa kiwanda cha kuchonga na kung'arisha almasi. Kiliitwa Tancut. Almasi zilizotoka Mwadui zilifika Nyanda za Juu Kusini, na vijana wa Kitanzania walijifunza ufundi ambao hapo awali ulikuwa mbali nasi.

Kazi ya kuchonga almasi ina hatua zake. Kwanza jiwe huchunguzwa na kutiwa alama ya wino. Pili hukatwa kwa msumeno wa duara ulio mwembamba kama karatasi, uliopakwa unga wa almasi. Kulikata jiwe moja huweza kuchukua saa nyingi. Tatu hufanywa la mviringo kwa kusuguana na almasi nyingine. Nne nyuso zake husuguliwa juu ya gurudumu tulilolieleza. Jiwe lililochongwa kwa mtindo unaopendwa zaidi lina nyuso 57 au 58, na kila uso una pembe yake. Pembe ikikosewa kidogo tu, nuru hupotelea ndani ya jiwe, nalo hufifia.

Kiwanda hicho hakikudumu. Baadaye kazi yake ilikoma. Lakini kilionyesha jambo moja waziwazi: mikono ya vijana waliozaliwa katika nchi hii iliweza kufanya kazi inayopimwa kwa maikromita. Almasi ya ardhini huchimbwa ikaisha. Ufundi hauishi hivyo, ila wapotea pale anayeujua asipomfundisha mwingine. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kumtazama fundi akisugua ubao, kioo, chuma au jiwe, muulize kwa nini amechagua chembe za ukubwa huo, naye atakufundisha.

Maswali

1. Kwa nini jani la msasa haliwezi kulainisha kisu cha chuma?

2. Taja sababu iliyomfanya Williamson aamini kwamba kuna chanzo kikubwa cha almasi ambacho hakijaonekana.

3. Almasi ya waridi ilipoteza karati 30.9 ilipochongwa. Hizo ni gramu ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi vumbi la almasi linavyoweza kuisugua almasi.

5. Fundi amechukua unga laini wa kung'arishia, akakuta jiwe lina mkwaruzo mrefu. Wafikiri ni nini kilichotokea? Afanye nini?

6. Katika jaribio la chupa, chembe zipi zilizama kwanza, na zipi zilizama mwisho? Toa sababu.

7. Mtembelee seremala, mnoa visu au fundi wa magari aliye karibu na shule yenu. Andika majina ya visuguaji anavyovitumia, ukivipanga kuanzia chenye chembe kubwa mpaka chenye chembe ndogo.